Risala ya Safu ya Nyuma kwa Mume wa Shangazi

Mgeni rasmi, Shangazi hakuanza kukosekana siku tuliyomzika. Alianza kukosekana jioni ya onyesho la mwisho la mchezo wetu wa nyimbo, na watu wa mwisho kujua tulikuwa sisi, tuliokuwa tukijiita watoto wake. Tumeona tuliseme hilo kabla hata ya kukukaribisha, maana mtu akishakaribishwa na kushikishwa soda, inakuwa vigumu kwake kuinuka na kuondoka.

UKARIBISHO

Karibu, Fundi. Tumekuweka kiti cha mbele kwa sababu ndivyo wageni rasmi wanavyowekwa, ingawa sisi wenyewe hatukuwahi kukaa mbele. Ukumbi ni huu huu. Pazia limeshushwa, na ule mlango wa mbao uliokuwa katikati ya jukwaa umeng'olewa. Zimebaki alama za misumari sakafuni, utaziona ukisogea kidogo.

Tumezoea kukuita Mume wa Shangazi. Miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyekuuliza unapenda kuitwaje. Kwetu ulikuwa mtu wa getini. Tukipiga honi, unaacha baiskeli za watu miguu juu, unanawa grisi, unamshika mkono Shangazi mpaka garini, unampa mto wake wa kukalia. Halafu unatuambia, "Mnirudishie mzima." Nasi tunajibu, "Usiwe na wasiwasi, Fundi!" huku gari limeshaanza kuondoka.

HISTORIA

Kwa kuwa hukuwahi kuuona mchezo wenyewe, tunaomba tukueleze kwa ufupi. Unaitwa Mlango wa Uani. Binti anagombana na wazazi wake, anatoka kwao kwa mlango wa uani, anakwenda mbali. Miaka inapita kwa nyimbo. Mwishoni anarudi, anasimama mbele ya mlango ule ule na kuimba akiuliza kama ndani bado yupo mtu anayemkumbuka. Kwenye maandishi ya mchezo hakuna wa kumjibu. Panakuwa kimya, kisha anasukuma mlango mwenyewe, taa zinazimwa.

Msimu wa kwanza kabisa, mama mmoja aliyekuja kwa tiketi ya jirani alikaa safu ya nyuma. Binti alipouliza, mama yule alishindwa kuvumilia. Akaita, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula:

"Komeo halijawekwa, mwanangu! Sukuma tu!"

Watu wakaangua kicheko. Mwigizaji hakucheka. Aligeuka akatazama gizani, akasukuma mlango, na waliokuwa wakicheka wakajikuta wanatafuta leso. Kesho yake mwenye kikundi alikwenda kumtafuta yule mama. Tulidhani anakwenda kumkanya. Kumbe alikwenda kumwomba arudi.

Huyo ndiye Shangazi, na wewe ulikuwepo siku mwenye kikundi alipobisha hodi. Tangu siku hiyo Shangazi akawa sehemu ya mchezo bila mshahara na bila kupanda jukwaani. Sisi tukaanza kukaa karibu naye ili tuisikie sauti hiyo ikitoka. Ndivyo Safu ya Nyuma ilivyozaliwa.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, risala isiyo na mafanikio haionekani kuwa risala, kwa hiyo tunayataja.

Tulifanikiwa kupata usafiri. Mwenzetu fundi umeme alitoa gari lake dogo, na kwa kuwa anapita mtaani kwenu, yeye ndiye aliyekuwa akimchukua Shangazi na kumrudisha. Mwenyekiti wetu, muuza nyama, alitoa gari lake la nyama, ambalo tuliliosha kila safari na ambalo halikuwahi kuacha kunuka. Kuna siku fundi umeme alipeleka gari lake gereji, tukabanana wote kwenye hilo la nyama pamoja na Shangazi.

"Mwenyekiti, leo umetupakia na mbuzi?" mwenzetu dada wa saluni aliuliza.

"Mbuzi ameshuka. Kabakiza harufu ikulinde."

"Basi iambie harufu isiimbe. Ukiimba wewe peke yako inatosha kuua."

Shangazi alicheka mpaka akakumbatia mto. "Nyamazeni, watoto wa watu! Mtanimalizia sauti kabla sijafika."

Mto huo aliushona kwa kitambaa cha suruali yako ya kazi, kwa sababu viti vya ukumbi huu ni mbao tupu na miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Doa la grisi halikutoka. Alikuwa akituonyesha na kusema, "Hili ndilo limenitolea mahari."

Tulifanikiwa pia kuzijua nyimbo zote, na maneno yote ya waigizaji, hata ya yule anayepita na ndoo tu. Hili tulijivunia kuliko yote. Ndilo lililotuponza.

CHANGAMOTO

Tulipoandaa risala hii, dada wa saluni alisema, "Changamoto ni bomba kukauka. Hili letu linaitwa aibu." Tumeacha kichwa cha habari kilivyo, lakini yeye ndiye aliyesema kweli.

Tulipotangaziwa kwamba mchezo unafungwa, kila mtu alitaka kuwepo onyesho la mwisho. Hata ambao hawakuwahi kuja walitaka kuja kulia. Fundi umeme alivamiwa na wakwe zake, gari likajaa. Akatuambia mapema, tukiwa wote hapo nje ya duka la nyama, "Jamani, mimi leo nimejaa wakwe. Shangazi mtampitia?"

Tukajibu kwa pamoja, "Tutampitia!"

Ilikuwa sauti kubwa, yenye furaha. Mwenyekiti alidhani dada wa saluni atampitia na gari la kukodi. Dada wa saluni alidhani gari la nyama ndilo litakalopita. Sisi wengine hatukudhani chochote. Tulikuwa tunapiga pasi nguo.

Mto wa Shangazi ulikuwa umesahaulika kwenye gari la fundi umeme tangu safari iliyotangulia. Alipofika ukumbini, akauweka kwenye kiti cha Shangazi ili kisichukuliwe, akawaweka wakwe zake kando yake, akawaambia, "Mtu akiuliza, semeni kina mwenyewe." Safu yetu ilikuwa imevamiwa na wageni, tukatawanyika kila mtu alipopata. Lakini kila aliyepita alitupia jicho kiti kile, akauona mto, moyo ukatulia. Mto upo, basi na Shangazi yupo. Labda ametoka kidogo kunyoosha miguu. Kisha taa zikazimwa.

Watu waliokosa viti walikuwa wengi. Kila mara gizani tulisikia mtu akinong'ona, "Samahani, hapa pana mtu?" na wakwe wakijibu kwa ukali, "Pana mtu!" Tukafurahi kwamba kiti kinalindwa.

Binti akafika mbele ya mlango. Akauliza swali lake kwa wimbo, kwa mara ya mwisho. Na sisi, kila mmoja alikokuwa amekaa, tukaita kwa nguvu zetu zote, "Komeo halijawekwa, mwanangu! Sukuma tu!" Hatukupanga. Kila mmoja alidhani anamsindikiza Shangazi. Zilikuwa sauti nyingi mno hata hakuna aliyeweza kusikia kwamba ile moja haimo.

Mwigizaji alisikia. Alisimama mkono ukiwa juu ya mlango, akatazama nyuma, akaendelea kutazama. Kituo hicho hakikuwemo katika mchezo. Sisi tukajua ni uchungu wa kuagana, tukazidi kulia na kupiga makofi.

Taa zilipowashwa tulikuwa tumekumbatiana, macho yamevimba. Mkwe wa fundi umeme, mama mtu mzima, akatufikia na mto mkononi. Akasema, "Mwenye huu hakuja. Nimemlindia bure."

Hapo, mgeni rasmi, bado tulikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja la kiutu. Mwenyekiti na fundi umeme wakashikana maneno. "Si wewe ulisema?" "Mimi nilisema nimejaa!" Walipochoka, tukaambizana kwamba saa hizi atakuwa amelala, tusimsumbue, twende kesho. Wote tukakubali haraka.

Tulichokuja kujua baadaye tulikipata kwa jirani yenu, si kwako. Kwamba Shangazi alikaa kwenye kiti getini amevaa viatu. Kwamba ulitupigia simu, nasi tulikuwa tumezizima kama tangazo la ukumbi linavyotaka. Kwamba ulisafisha baiskeli, ukatandika blanketi nyuma, ukamwambia, "Panda mke wangu, nikukokote taratibu, tutafika." Naye akakataa. Alisema, "Wakija wakanikosa watahangaika." Na kwamba geti halikufungwa mpaka asubuhi, kwa sababu alikuzuia.

Kesho yake tulikuja na matunda. Hakutulaumu. Alikuwa kitandani, na swali lake lilikuwa moja.

"Nani alimjibu?"

Dada wa saluni ndiye aliyetangulia kusema, lakini sote tulikuwa na jibu hilo hilo mdomoni. "Hakuna, Shangazi. Nani angethubutu? Ile sauti ni yako. Ukumbi mzima ulikuwa kimya."

Tulitaka ajue kwamba hana mbadala. Labda tulitaka pia isionekane kwamba tulifurahi bila yeye. Akasema, "Kwa hiyo mkamwacha mwanangu nje, siku ya mwisho?"

Tukacheka. Tulidhani anatania, maana alikuwa mtu wa utani. Tukamenya machungwa.

Hakumaliza mwezi. Siku ya mazishi tulisimama barabarani, tukingoja utufukuze, na baadhi yetu tulikuwa tumejiandaa kufukuzwa. Hukutufukuza. Ulitoka na viti, viwili viwili, ukatupangia kivulini, ukarudi ndani. Mgeni rasmi, viti vile vilituchoma kuliko tusi.

MAOMBI

Safu ya Nyuma inavunjwa leo, na huu ndio mkutano wake wa mwisho. Mwenyekiti alipokuja kukualika alikukuta unanyoosha gurudumu. Alirudi akatueleza ulivyomjibu, bila kuinua kichwa:

"Nitakuja. Ila mtaniambia kitu kimoja. Yule binti aliingia? Mwenzangu aliniuliza mpaka siku ya mwisho, na mimi mchezo wenu siujui. Nilikuwa namwambia, 'Ataingia tu.' Ananiambia, 'Ataingiaje, hakujibiwa?'"

Mwenyekiti alikuja dukani akakaa juu ya gogo la kukatia nyama, wateja wakaondoka. Ndipo tulipojua kwamba uongo wetu wa siku ile hatukuuacha kando ya kitanda. Mlilala nao nyumba moja, nanyi ndio mliokuwa mkiulisha.

Ombi letu la kwanza, tunaomba uupokee mto. Hatukuufua.

Ombi la pili, tusikufiche, lilikuwa msamaha. Tumelifuta. Msamaha ukiombwa kwa risala, mbele ya watu, mgeni rasmi akiwa amekalishwa mbele, hana namna ya kukataa. Tumeshakukosesha mengi, tusikukoseshe na haki hiyo. Badala yake tunaomba, ukiona inafaa, uturuhusu kuja kwako mmoja mmoja. Hatutakuja kwa kundi wala kwa honi. Anayetaka kusema neno aje alibebe mwenyewe, na ukimwambia ageuze, ageuze.

La tatu si ombi, ni jibu tunalodaiwa.

Aliingia, Fundi. Alijibiwa. Tulimjibu sote, kwa maneno ya Shangazi, kama alivyotufundisha bila kujua kwamba anatufundisha. Alisimama, akamtafuta kwa macho, hakumwona, halafu akasukuma mlango akaingia. Shangazi hakumwacha mtoto nje. Sisi ndio tuliomwacha yeye, na tukamwambia kinyume. Angekufa akijua kwamba mwanawe aliingia, kama tungekuwa na ujasiri wa kuonekana tulivyo.

Tunamwomba Mungu amlaze mahali ambapo anayengojwa hufika. Tunakuombea wewe mikono yenye afya, wateja wanaolipa, na usingizi.

Ni sisi tuliokuwa Safu ya Nyuma ya Mlango wa Uani.

Gari la fundi umeme liko nje. Yeye ndiye anayekurudisha nyumbani, peke yake. Ameulizwa kwa jina mbele ya wote, naye akajibu, "Mimi." Ukishuka hataondoka mpaka asikie umefunga geti.