Nyumba ya Mzungu Ziwani

Kwenye tuktuk ya kutoka Karagita kwenda ziwani tulikuwa abiria watatu: mimi, mama mmoja aliyepakata nyundo, na mtembeza watalii aliyevaa beji ya jina Bethwel. Bethwel hakuwa ameulizwa kitu, ndiyo maana alikuwa anaeleza.

"Mathe," akamwambia yule mama, "siku moja upande boti yangu. Tunaangalia viboko, halafu tunazunguka ile nyumba iliyozama. Ilijengwa na mzungu wakati wa ukoloni, akafia humo kwa malaria. Wageni wanapenda sana hiyo stori."

"Ile ya mabati mekundu?" mama akauliza. Bethwel akasema ni hiyo hiyo.

"Maskini. Na huyo mzungu alikuwa chama gani? Kwa sababu mimi hayo mabati nilinunuliwa na chama chetu cha akina mama cha kuchangiana, zamu yangu ilipofika. Ziwa lilipopanda nikatoka na godoro kichwani."

Bethwel akaangalia nje kwa makini, ingawa nje kulikuwa na uzio wa shamba la maua tu. Kisha akasema kwa upole kwamba wageni hawawezi kutoka mbali hivyo kuja kuona nyumba ya mtu wa hapa tu. Hapo ndipo akaiona nyundo. "Mathe, si ungengoja Jumatatu? Leo nina wageni kumi na wawili."

Tuktuk ikasimama. Wageni walikuwa ufukoni, kamera tayari.

"Waambie wana bahati," mama akasema akishuka. "Mzungu wako amefufuka, amekuja kuchukua mabati yake."