Kasmir Nandonde na Kifaru Kilichogeuka Pantoni

Tunayemlaza leo ni Kasmir Linus Nandonde, na angekuwa amesimama hapa na sisi, sasa hivi angekuwa anafungua hiki kipaza sauti kuona ndani kuna nini.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1975, Chiungutwa, Masasi, mtoto wa tatu wa mzee Linus Nandonde na mama Severa, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1989. Darasani alikuwa wa katikati, tusidanganyane. Ila redio ya mwalimu mkuu ilipokata sauti, aliitwa yeye. Akaifungua, akaifunga, ikaongea, zikabaki skrubu mbili mkononi. Mwalimu akauliza hizo za wapi. "Hizi walizidisha kiwandani, mwalimu," akajibu.

Mwaka 1992 aliingia Dar, akaweka meza ya ufundi redio Mtaa wa Msimbazi. Waliokuwepo wanaikumbuka Kariakoo ile ya kaseti. Mteja analeta redio begani, anakaa kwenye benchi, anasimuliwa mpira wa jana na watu asiowajua, mpaka redio inapona hataki tena kuondoka. Simu zilipoingia, Kasmir akahamia Mtaa wa Aggrey mwaka 2004, akawa fundi simu hadi mwisho.

Kabla ya hapo alikuwa ameshanaswa. Stella Kimaro, binti wa Marangu, alikuwa anauza vyombo kwenye duka la mdogo wake Aaron, ambaye ndiye anayewasomea hapa, mtu aliyeacha shule darasa la sita na duka lake mnalijua wenyewe lilivyo. Kasmir alinunua ndoo saba ndani ya wiki mbili, na alikuwa anaishi chumba kimoja. Aaron ndiye aliyemuuliza, "Kaka, unachota maji au unachota dada yangu?" Walifunga ndoa tarehe 26 Julai 2003, Parokia ya Msimbazi, wakahamia Kigamboni, wakajaliwa Joyceline na Jovin. Kati ya zile ndoo saba, mbili bado zipo.

Sasa hili lingine, ambalo wengi mlilisikia mkadhani ni ugonjwa. Mwaka 2011 Kasmir alipata kwenye mzigo wa mtumba boksi la kifaru cha vita cha plastiki, cha kuunga mwenyewe vipande vipande, kidogo kama kopo la dagaa. Jirani yake wa Mtaa wa Aggrey, Abdulkadiri, muuza vitambaa, aliwahi kufanya kazi ghalani Uingereza na huko alijifunza mchezo wa vita wa mezani. Kila mtu anaunda jeshi lake dogo, unapima mwendo kwa rula, unarusha dadu kujua nani kapigwa. Wakaanza kucheza kila Jumamosi mchana, ghorofani juu ya duka la Abdulkadiri. Sheria yao kubwa ilikuwa moja: kisichopakwa rangi hakigusi meza, na mwenye jeshi anapaka kwa mkono wake mwenyewe.

Kifaru kile cha kwanza kilikuwa kimepinda mtutu. Kasmir, fundi, akaunyoosha kwa mashine ya hewa ya moto, ile ya kubandulia chipu za simu. Mtutu ukalala kama ndizi iliyoiva. Mwingine angetupa. Yeye akaukata, akachomeka antena ya redio, akakifunika turubai la mfuko wa sukari, juu akapanga marobota na jiko la mkaa la karatasi ya sigara.

Abdulkadiri akakiangalia pande zote. "Fundi, hiki kifaru au mkokoteni?"

"Askari wangu wanakula," Kasmir akasema. "Wako wanakuja vitani na njaa, ndiyo maana wanaona mkokoteni."

Jeshi zima likawa hivyo, jeshi la Kariakoo. Lilipigwa miaka kumi na mbili karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi lilirudi.

Oktoba 2023 alianza kifaru kikubwa kuliko vyote. Alikuwa anavuka Magogoni asubuhi na jioni kwa pantoni, kile kivuko cha Kigamboni, akaamua kukigeuza pantoni: mlango wa mbele wa bati la kopo la soda, matairi ya kigari cha kitoto pembeni, abiria wamesimama juu ya mnyororo wa kifaru. Alishamaliza kuunga. Ilibaki rangi tu. Ijumaa ya tarehe 17 Novemba akapata kiharusi, mkono wa kulia ukafa.

Aaron alienda kumwona, akamwambia, "Shemeji, nipe mimi nikipake. Duka langu zima nimepaka mwenyewe."

"Nimeliona duka lako," Kasmir akasema, mdomo umeenda upande. "Acha nipone."

Hakupona. Abdulkadiri alikuja akasema sheria waiweke pembeni, Joyceline apake, baba acheze. Kasmir akakataa. Akasema kifaru kikipakwa na mwingine, atakuwa anasukuma cha mwingine, na yeye alitaka kuvuka na chake. Kuanzia hapo mjue, hakuwa anapigania kutembea wala kurudi Aggrey. Alikuwa anapigania ile rangi.

Alijifunza kutumia mkono wa kushoto kwa kupaka vifuniko vya chupa za maji. Mamia. Brashi ilikuwa inamkimbia, anaanza upya. Stella, ambaye miaka yote aliuita mchezo huo upuuzi wa wazee, ndiye aliyekaa mbele yake akishika kifaru kwa vidole viwili, amebana pumzi, mpaka Februari mwaka huu kikaisha.

Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, siku nne baada ya kutimiza miaka hamsini, Aaron na Jovin walimpandisha ngazi. Abdulkadiri alivaa miwani, akakigeuza kifaru. Rangi imevuka madirisha, abiria wengine hawana nyuso.

"Nani kapaka?"

"Mimi."

"Mkono gani?"

"Uliopo kazini."

Abdulkadiri akavua miwani. "Kimepakwa. Kiingie."

Wakacheza mpaka jioni. Kasmir akaisukuma pantoni yake kwa mkono wa kushoto, ikavuka mto wa kitambaa cha bluu hadi upande wa pili, akarusha dadu, akapata sita. Muda wa kuvuka kwenda nyumbani ukawa umefika, wakakubaliana kumalizia Jumamosi inayofuata. Alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Machi kiharusi cha pili kilimchukua, nyumbani, Stella akiwa pembeni.

Ameacha mke, Stella. Watoto wawili, Joyceline na Jovin. Dada yake Leticia. Shemeji mmoja mtanashati. Na rafiki yake Abdulkadiri, ambaye amefunga kile chumba na funguo anayo mfukoni hapa. Meza iko vilevile. Kifaru kimeshavuka, na anayetakiwa kurusha dadu ni Abdulkadiri.

Pumzika, shemeji. Mungu akupokee ng'ambo.