Asya Hakusoma Biashara Kwanza

Bismillahi. Mie bibi yake marehemu kusoma sijui, ya chuoni kanihadithia Mwanawema, aliyelala naye chumba kimoja huko Dar es Salaam, na ya nyumbani nimeyaona kwa macho yangu, basi nisikilizeni usiku huu hapa matangani.

Marehemu Asya binti Silima kazaliwa Makangale tarehe 12 Machi 1997, kasoma hapo hapo, halafu Chake Chake kwa shangazi yake pale Tibirinzi, kamaliza kidato cha sita 2017, kafaulu, na siku ya kuchagua la kusoma chuo kikuu ukoo mzima ukajaa barazani kama wanamchagulia mume. Akasema atasoma mimea, kisha ndio aende shahada ya pili ya biashara, auze mafuta ya karafuu. Ami yake Hudhaifa, huyo hapo kakaa mbele na kanzu mpya, akacheka mpaka akakohoa, "We mtoto, biashara inasomwa juu ya biashara!" Na yeye biashara aliyowahi kuifanya ni moja, kuuza mbuzi wa mamaake. Watu wakaitikia, maana kwetu mwenye sauti kubwa ndiye mwenye elimu.

Kwetu mtoto hasafiri mpaka ami yake amsomee dua na kumfukiza ubani. Hudhaifa akagoma, akajifungia ndani, akidhani mtoto atalia abadili. Nikawasha chetezo mie, Yasini nzima siijui, nikamsomea Alhamdu, akenda zake bandarini.

Kamaliza mimea 2020, kafanya kazi kwenye vitalu vya mikarafuu, kaolewa na Ashraf Juni 2022, wakapata mtoto mmoja, Suhaila, na 2023 akaomba chuo, hiyo shahada ya pili ya biashara. Mwanawema anasema wahoji walishachoka na vijana wenye maneno yale yale ya faida na hasara, wakamuuliza yeye anajua nini, akawaeleza mikarafuu inavyokauka mpaka chai ikawapoa. Wakamchukua. Hudhaifa huyo, akazunguka mtaa mzima wa Gombani akijisifu, "Mie ndiye niliyemshauri."

Moyo ulimshika Mei mwaka huu, akafariki alfajiri ya Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025, na jana tu, kaburi halijakauka, namsikia Hudhaifa anamwambia Laila, mdogo wake marehemu, asome biashara kwanza "kama dadaako". Muongo we! Asya hawezi kukujibu, mie nipo. Laila, mwanangu, umesema unataka kusoma samaki, kasome samaki, na huyu akikucheka mwache acheke mpaka meno yamtoke.

Nawashukuru madaktari, majirani mliopika, na wenzake wa kitaluni. Asya, mjukuu wangu, Mungu akulaze pema. Na nyie watoto, mshasikia, ingieni ndani mkalale.