Mama Kwapa Anavua Koti

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Kwapa anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake nimeshindwa kutulia kitini, maana mengi yananijia kwa pamoja na nafasi ni ukurasa mmoja tu!

Alianzia dirishani, akipokea vipimo, akapanda hadi kuongoza kitengo cha damu. Kipimo alichokipenda kuliko vyote ni kile cha kutafuta kingamwili zinazojibandika kwenye seli nyekundu za mgonjwa na kuziharibu. Seli huoshwa, hutiwa dawa, kisha hutazamwa: zikishikana mabonge, mharibifu kapatikana. Hapo Mama Kwapa alipiga kofi mezani, nasi tukaruka. Ukiziosha seli kwa kulipua, alikurudisha mwanzo bila hata kukutazama usoni.

Jina lake la utani lina kisa. Msimu mmoja wa baridi alilazwa fundi cherehani, macho ya manjano, hoi, hata kukaa hawezi. Damu yake ilitufikia ikiwa na mabonge, mashine ikatoa namba za ajabu, na kila damu ya kumwongezea tuliyoilinganisha na yake ilikataa. Daktari alipiga simu tena na tena, sauti ikizidi kushuka. Bila jibu letu hakujua ampe nini, na fundi alikuwa anaisha.

Mama Kwapa alishuku kingamwili zinazofanya fujo damu ikipoa. Ili kuhakikisha, damu ilipaswa kufika ikiwa na joto la mwili, na kati ya wodi na maabara kuna uwanja mzima wa upepo. Chombo cha kubebea hatukuwa nacho. Basi akaenda mwenyewe, damu ikatolewa, akakibana kichupa kwapani na kutoka mbio. Mlinzi alipoona mtu anakimbia amebana mkono, aliamini dawa zinaibwa, akamfukuza. Waliingia maabara wote wawili wakihema. Alipoelezwa, mlinzi aliomba radhi, akasimama mlangoni kuzuia upepo.

Kipimo kilijibu: kweli, baridi ndiyo iliyoziamsha kingamwili. Safari hii hapakuwa na kofi. Alishika simu akamwambia daktari, "Mfunikeni, na damu ya kumwongezea ipashwe kwanza."

Fundi alifunikwa blanketi, akaongezewa damu yenye joto, na baada ya siku chache akaanza kuwasumbua wauguzi kuhusu mishono mibaya ya mapazia ya wodi. Tukajua kapona.

Chombo cha kubebea damu kilikuja baadaye, kwa kelele za Mama Kwapa mwenyewe. Hata hivyo, fundi ameendelea kumshonea makoti meupe yenye mfuko mdogo ndani, chini ya kwapa la kushoto.

Jumatatu alileta jingine. Mama Kwapa alilijaribu mbele yetu sote, likambana mabegani, akamtania fundi kwamba macho yamezeeka. Fundi akacheka, akasema, "Hilo si lako, mama. Ni la anayebaki."

Anayebaki ni mimi. Nimelivaa, na limenikaa sawasawa.

Mama Kwapa, asante kwa kila kichupa kilichofika na joto lake. Nenda kapumzike kwa raha, na baridi isikufikie popote uendapo.