Upande wa Antena

Benchi lenyewe halina cha kumringishia mtu. Ni ubao mrefu uliowekwa juu ya matofali nje ya bucha, na mwisho wake kuna jiko la mkaa na birika la kahawa la mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Shemeji. Wanaolikalia ni walewale. Yuko Daktari, ambaye hajawahi kutibu hata kuku, ila anavaa koti jeupe kwa sababu bucha ni yake. Yuko Spana, fundi baiskeli, anayeamini kila kitu duniani kina nati iliyolegea mahali fulani. Na yuko Hakimu, fundi cherehani, anayeamua kesi zote za mtaani na kushindwa zote za nyumbani kwake. Siku nyingine kelele zao husikika mpaka ng'ambo ya barabara, lakini asubuhi ile ya kuamkia Krismasi waliduwaa na vikombe mkononi. Shemeji alikuwa ametoka kuwaambia kwamba kuanzia kesho hafungui, mpaka Mwaka Mpya upite.

Aliwaambia anakwenda kwa mdogo wake. Mdogo wake alimwalika kweli, naye akakubali kwa mdomo tu. Alimjua yule: angemkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, angewakataza watoto kucheza, na kila atakayeingia angemwangalia kwa lile jicho la pole, maskini. Hapana, hakuwa na moyo wa kuangaliwa. Shauri lake lilikuwa kufunga mlango, kuvuta pazia na kulala ameelekea ukutani mpaka nyimbo zipite. Hii ilikuwa Krismasi yake ya kwanza bila mume wake, na aliiogopa kama watu wanavyoogopa kung'olewa jino.

Mume wake alikuwa fundi redio, mrefu, mwembamba, mtaa ukamwita Antena. Mahali pake palikuwa mwisho wa benchi, upande wa jiko, akimpokea mkewe vikombe na kuvigawa. Kila mtu alikuwa ndugu yake, ndiyo maana mkewe akawa shemeji wa kila mtu. Tangu azikwe, upande ule haujakaliwa. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Daktari, ambaye peke yake anahitaji nafasi ya watu wawili, alijibana tu na wenzake upande wa pili, na Spana akawa anakaa kwa kalio moja, la pili likiwa hewani. Mgeni akitaka kukaa pale pawazi, mmoja wao huwahi kusema, "Angalia, pana msumari hapo!" Msumari haukuwepo. Shemeji alijua, maana ubao ule anaufuta yeye. Na jina la Antena hawakulitaja tena mbele yake, wakidhani wanamhurumia.

Spana ndiye aliyeanza, akitazama juu kama anayezungumza na paa.

— Tuseme kuna mtu. Mtu tu. Simtaji.

— Usimtaje, akasema Hakimu.

— Mtu huyo sikukuu zimemwelemea. Sisi kama majirani tunamsaidiaje?

— Huyo mtu ana birika? akauliza Shemeji bila kugeuka, akichochea mkaa.

— Anaweza kuwa na birika, Spana akajibu kwa tahadhari. Wenye birika wako wengi.

Shemeji akakaza midomo asicheke. Wanaume wazima, ndevu zina mvi, na kumzunguka hawajui.

— Mimi naona shida ni nyimbo, Spana akaendelea, akinyoosha kidole kwenye duka la vyombo la upande wa pili, ambako spika ilikuwa ikiimba tangu mwezi uliopita. Wimbo ule ule, asubuhi ule ule, jioni ule ule! Moyo wa mtu ukipigwa mahali pamoja kila siku lazima ulegee. Nipe koleo. Nakata waya mmoja tu, mtaa mzima unapona.

— Na wewe unalala rumande, akasema Daktari. Bwana, huzuni haikai masikioni. Huzuni inakaa kwenye ini.

— Umeanza.

— Maini nimeyashika mimi, wewe umeshika minyororo ya baiskeli! Ini la mnyama mwenye huzuni huwa zito. Unaliweka kwenye mizani, unaliona hili limelia.

— Mnyama gani analia? akauliza Hakimu.

— Mbuzi wa wiki hii. Ungekuwa mbuzi wewe, ungecheka?

Hakimu akakubali kwamba asingecheka.

— Basi, dawa yake ni nyama, Daktari akahitimisha, akifunga vifungo vya koti lake kama aliyemaliza zamu wodini. Mtu huyo apewe nyama laini, ale polepole, asiongee. Ini likipata mwenzake linatulia.

— Na nyama hiyo inauzwa wapi? akauliza Spana.

— Sikusema wapi. Umesema wewe.

Shemeji akawaongezea kahawa. Alimimina vizuri, bila kumwaga, na alijisifu kimoyomoyo. Wiki nzima amekuwa akijisifu kwa mambo madogo kama hayo. Juzi alikuwa akitafuta kichujio juu ya kabati, akaangusha kopo la biskuti, likafunguka, na ndani yake ile kamba ya taa za Krismasi aliyokuwa akiitundika Antena kila mwaka. Nusu ya taa zake zilikuwa zimeungua zamani. Kila mwaka Antena alikesha akiitafuta taa iliyoharibu nyingine, na kila mwaka alikata tamaa na kuitundika kamba hivyo hivyo. Shemeji alikaa sakafuni na ile kamba mapajani, akalia mpaka maji ya jikoni yakakauka sufuriani.

Hakimu alikuwa amesimama sasa, ishara kwamba hukumu iko njiani.

— Wahenga walisema...

— Waache wahenga wapumzike, akamkata Daktari. Nao wana sikukuu.

— Basi nisikilizeni mimi. Kosa ni kwamba sikukuu moja imeshonwa kwa kipimo kimoja, halafu watu wote tunalazimishwa kuivaa. Mmoja inambana, mwingine inamburuta. Kama mteja amefiwa, suti haimkai! Sasa, nashona vitambaa vya kuvaa mkononi. Chekundu maana yake usinisalimie kwa kelele. Cha bluu, nisalimie lakini usiniulize naendeleaje. Cha kijani, niulize, ila uwe na muda wa kusikiliza.

— Hicho cha kijani kizuri, Spana akakiri.

— Na cha njano? akauliza Daktari.

— Cha njano ni cha wale wasioamua bado.

— Mtaa mzima utavaa cha njano, akasema Daktari. Wewe mwenyewe ungevaa cha njano.

— Mimi nina furaha!

— Jana ulikuwa unashona huku unalia.

— Kitunguu, akasema Hakimu.

— Kitunguu kwenye cherehani?

Hakimu akaketi. Shemeji akamtazama kwa pembe ya jicho. Hakimu na Antena walikuwa majirani wa vibanda miaka mingi, ukuta mmoja kati yao, na redio ya Antena ndiyo iliyokuwa ikimwimbia Hakimu akishona. Sasa anashona kimya. Hilo Shemeji hakuwahi kuliwaza, na lilimgusa kuliko pole zote alizopewa.

Spana, kwa kuona mjadala unapoa, akaja na kubwa kuliko.

— Tuiruke.

— Turuke nini?

— Siku yenyewe. Sikilizeni. Dunia inazunguka, sivyo? Kuna mahali saa hizi tayari ni kesho. Mtu huyo unampakia kwenye gari leo jioni, mnakimbia kinyume na jua, bila kusimama. Mnapishana na Krismasi njiani. Yenyewe inakuja huku, ninyi mnakwenda kule. Mkifika, imeshapita.

— Na bahari je? akauliza Hakimu.

— Kwani bahari haina daraja mahali popote?

— Na nani atatupikia kahawa akiwa huko anapishana na jua? Daktari akafoka, na papo hapo akajiziba mdomo.

Shemeji akaweka birika chini na kujishika kiuno.

— Kumbe! Mtu ana birika kweli.

— Shemeji, si hivyo...

— Tunakuonea huruma, na kahawa nayo... akadakia Spana.

— Labda apate mwenza, Daktari akasema kwa kupapatika, akitafuta pa kutokea. Upweke ni mbaya. Mtu mzima mwenye kazi yake, mwenye bucha, kwa mfano...

Ndani ya bucha kisu kilisikika kikitua mezani, ta! Mke wa Daktari alikuwa ndani akikata mifupa.

— Kwa mfano tu! Daktari akapaza sauti kuelekea dirishani. Tunajadili nadharia!

Shemeji akacheka. Hakupanga kucheka, kicheko kilimtoka tu, na kilipomtoka kikaja na machozi nyuma yake, akayafuta kwa ncha ya khanga.

— Jamani, akasema. Mtu huyo anawaambia hivi. Hataki kuchangamshwa. Hataki taa mwaka huu.

— Basi hakuna taa, akasema Hakimu haraka. Imeamuliwa.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja amevaa sare ya ulinzi, mikono ya koti imemzidi hadi akaikunja mara mbili. Alikuwa mlinzi mpya wa duka la vyombo, ameanza kazi wiki ile, na hawakuwa wamewahi kuongea naye. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

— Hamjambo? Mama, naomba kahawa.

Akaangalia benchi. Akawaona wanaume watatu waliobanana kama wanaonyeshewa mvua upande mmoja, na upande wa pili mtupu. Wengine hukaa kwanza. Yeye aliuliza.

— Samahani, hapa pana mtu?

Daktari akatazama kikombe chake. Hakimu akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hukumu haikutoka. Spana akaanza, "Pana msu...", akakutana na macho ya Shemeji, akameza maneno. Wangesema ndiyo, wangekuwa wanadanganya. Wangesema hapana, hilo ndilo lililowashinda tangu siku ya mazishi.

Mwanamke yule akadhani amekosea. Akaanza kurudi nyuma.

— Palikuwa na mtu, akasema Shemeji. Mume wangu. Kaa, mwanangu.

— Pole, mama. Nitasimama tu.

— Umekesha umesimama. Kaa.

Akakaa, pembeni kabisa, kwa adabu. Shemeji akachukua birika. Lilikuwa limebakiwa na kikombe kimoja, kama siku zote, kwa kuwa mkono wake uligoma kupunguza kipimo. Kila siku alipika na cha Antena, na kila siku jioni alikimwaga chini, kando ya jiko, bila kumwambia mtu. Akakimimina kikombe kile, kikajaa mpaka ukingoni, akampa mgeni.

Mgeni akanywa nusu yake kwanza, ndipo akauliza.

— Alikuwa mtu wa namna gani?

Wanaume watatu wakamtazama Shemeji. Naye akaitikia kwa kichwa kuwaruhusu, na hapo lango likafunguka.

— Huyo? akasema Daktari. Huyo alinitengenezea redio yangu, ikawa inashika stesheni moja tu, ya lugha nisiyoijua! Nikamrudishia. Akaniambia, sikiliza, utaizoea.

— Na aliizoea! akadakia Hakimu. Mpaka leo anaisikiliza. Haelewi neno!

— Nimeanza kuelewa kidogo.

— Mimi aliniazima bisibisi, akasema Spana, akanirudishia nyingine. Nikamwambia, Antena, hii si yangu. Akasema hii ni nzuri zaidi, nyamaza.

Akalisema jina. Lilipita pale benchini na halikumwangusha mtu. Shemeji alilisubiri limchome, nalo lilimchoma kweli, ila chini ya ule mchomo palikuwa na kitu chenye joto alichokuwa amekikosa muda mrefu. Akagundua hakuwa akihofia kumkumbuka mumewe. Alichohofia ni kumkumbuka peke yake, ameelekea ukutani.

— Na taa zake je? akasema Shemeji mwenyewe. Hamjamwambia habari za taa.

Wakamwambia habari za taa, wote kwa pamoja, kila mmoja na idadi yake ya zilizowaka. Mgeni akacheka mpaka ikabidi aweke kikombe chini. Alipotulia akakizungushia mikono kikombe kile na kusema kwa sauti ndogo:

— Kesho niko zamu hapo ng'ambo, mchana kutwa. Kwetu ni mbali, nauli imenishinda. Nilikuwa naogopa siku itakavyokuwa ndefu. Mtakuwepo?

Daktari alikuwa na watoto na wajukuu wa kumngojea, Spana alikuwa na mwaliko, Hakimu alikuwa na mke aliyempangia siku nzima, na wote watatu walikuwa wakilitazama birika kwa macho ya mbwa mlangoni.

— Mnabanana nini huko? akasema Shemeji. Sogeeni, nafasi ipo.

Wakasogea. Daktari akatanuka kwa mguno wa raha, na Spana akakaa kwenye ubao kwa makalio yote mawili, akajipapasa kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

— Shemeji, akasema Hakimu, akimnyooshea kikombe. Nusu tu, ya kufungia kikao.

Shemeji akainamisha birika. Halikutoa hata tone. Akalitikisa, akachungulia ndani, akachungulia tena.

— Imekwisha, akasema, na yeye mwenyewe akashangaa jinsi alivyolisema neno hilo akitabasamu. Njooni kesho.