Muzee Sikuli Anaachilia Kamba

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, Muzee Sikuli wa Kikosi cha Nguzo anafunga miaka thelathini na moja ya kazi katika kampuni yetu ya umeme, hapa Goma. Wakubwa waliniomba mimi niandike maneno haya ya programu ya sherehe ya kumuaga kwa sababu nimefanya naye kazi tangu volkeno ilipomwaga moto ndani ya muji, na pia kwa sababu, niseme bila aibu, kwa kueleza hakuna anayenipita. Masomo yangu yaliishia darasa la sita, lakini mudomo uliendelea mpaka iniverisite.

Kwa wageni waliokuja na nguo nzuri na kwao nguzo ni ya kufungia mbuzi tu, naeleza kazi. Tunaenda wawili. Mimi napanda. Kamba imefungwa kiunoni mwangu, inapita juu ya chuma cha nguzo, inashuka mpaka mikononi mwa Sikuli. Nikipanda anaivuta, nikishuka anaiachilia pole pole, nikiteleza anaikaza. Mimi nimepanda nguzo nyingi kuliko miti ambayo nyani wote wa Virunga wamepanda, na watu wa muji wananijua, watoto wananipigia makofi. Huyu wa chini hapigiwi makofi. Anaangalia juu tu.

Tulianzia kwenye mawe ya volkeno yenyewe, tunasimamisha nguzo mupya pale za zamani zilipoungua. Jiwe lilikuwa bado na hasira. Maharagi yetu yaliiva juu yake bila makaa, na mimi viatu vyangu viliyeyuka nikiwa nafunga waya, nikashuka na soksi. Anayebisha aende kuuliza viatu. Sikuli alikuwa amesimama kwenye jiwe lile lile, anaruka mguu huu, anaruka mguu ule kama mutu wa ngoma, na kamba haikutikisika.

Sheria yake munaijua wote: mushika-kamba hasalimiwi. Mutu akiwa juu, wa chini haitiki, hageuki, hasemi bei ya kitu, hamujui ndugu wala shefu. Na musifikiri ni mutu wa kunyamaza. Mutoeni kamba mikononi muone. Anaongea mpaka chai inapoa, mpaka muuza chai mwenyewe anakunja meza na kwenda kwake.

Sheria hiyo ilitaka kumuvunjia nyumba. Tulikuwa Katoyi, niko juu, na ndani ya taa moja ya zamani nyuki walikuwa wamejenga muji mukubwa kuliko Sake. Wakati ule ule Mama Perpétue, mama mukwe wake, alikuwa ametoka Butembo kuwaona watoto, anapita na kuku ndani ya kikapu. Akamuona mukwe wake chini ya nguzo. Akasimama, akasalimia. Kimya. Akarudilia. Kimya, na mutu ameinua kidevu kama anachunga ndege. Mama mukwe kunyimwa salamu mbele ya wauza mikate, kwetu ni neno la kuita wazee. Mama aligeuka na kuku wake, akarudi kwenye basi za Butembo, na Mama Micheline, muke wa Sikuli, alimukamata mulangoni mwa basi kwa kulia.

Siku ya Mungu, Jumapili, familia ikakaa. Wajomba walikuwa wakali, mumoja alisema binti arudi kwao mpaka mukwe ajifunze adabu. Ndipo wakaniita mimi, shahidi. Nilivaa kravati shingoni. Nikasema, "Mama, ulipomusalimia mara ya kwanza, nyuki walikuwa ndani ya macho yangu. Ulipomusalimia mara ya pili, nilikuwa nimeachilia nguzo."

Na ni kweli ya Mungu. Nilining'inia kwenye ile kamba kama nyama kwa muchinjaji, na kilo zangu munaziona. Mama Perpétue alisimama. Alimuita Sikuli karibu, akamufungua mikono, akaona kamba ilivyomuchubua.

"Kumbe salamu yangu ilitaka kuua mutoto wa wenyewe," akasema. "Basi nikikukuta tena chini ya nguzo, mimi ndiye nitangoja."

Alingoja kweli. Kila alipofika Goma na kutukuta kazini, alikaa juu ya jiwe, kikapu magotini, mpaka nishuke. Na nikichelewa alikuwa ananipigia kelele kwamba Hategekimana, fanya haraka, kuku anazeeka. Hakuna shefu aliyeniharakisha kama yule mama.

Sasa tufike kwenye kazi ya leo, maana hata usingizi wangu si muzuri siku hizi. Kuanzia mwezi wa saba kuna mupango mupya. Kila mutu na pikipiki yake, peke yake, na sentire ya kujifunga yenye ndoano za chuma, na telefone inayomuambia aende nguzo gani. Wawili wawili imekwisha. Sikuli akitoka, hapatikani wa kushika nafasi yake, ndiyo karatasi inavyosema. Inzinyeri Igihozo, fundi mukubwa wa ofisi aliyeleta mupango huo, si mutu mubaya, na sitaki mutu amuangalie vibaya leo akipita na sahani. Ana haki yake. Kule Keshero watu wanalala gizani wiki nzima wakitungoja, kwa sababu tuko wawili kwenye nguzo moja wakati nguzo ya pili inalia. Sentire pia nimeijaribu, ni nzuri, inashika. Lakini sentire haioni nyuki. Haioni waya wa jirani aliyewasha jenereta yake bila kuuliza.

Wiki mbili zilizopita walitutuma upande wa Lac Vert, na Sikuli akawekewa telefone mufukoni ili ajaribu mupango kabla ya kuondoka. Amri ni kwamba biro, ofisi ya wakubwa, ikikupigia, unaitika. Mimi nikapanda. Telefone ikaanza kulia. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, hata mbuzi za pale ziligeuza vichwa. Sikuli, kidevu juu. Basi ile mashini kule biro ikaandika, mbele ya kila mutu, kwamba Sikuli hayuko kazini. Miaka thelathini na moja bila kukosa, na siku anakaribia kutoka wanamuandika hayupo.

Inzinyeri Igihozo akapanda pikipiki akaja mwenyewe kumutafuta. Alifika na hasira, akamuita, akamuita tena. Mimi juu nikafikiri, tazama, Mama Perpétue wa pili. Kisha akaangalia kule macho ya muzee yalikoangalia, akaniona, upepo unanipeleka huku na huku. Akazima pikipiki. Akangoja mpaka nikakanyaga chini.

Hapo ndipo Sikuli alimugeukia, akamusalimia vizuri, akamuuliza habari ya safari, habari ya nyumbani, habari ya pikipiki. Akamuonyesha mimi kwa kidole.

"Mwanangu, nilikuwa kazini. Kazi yenyewe ndiyo hii. Hata mama mukwe alijifunza kungoja. Hii telefone, nani atamufundisha?"

Igihozo alicheka kidogo, lakini hakucheka sana. Ijumaa iliyopita alirudi, bila kutumwa na mutu, akaomba ashike kamba. Nilikataa. Niseme ukweli, nilikagua fundo la kamba mara tatu, mimi ambaye radi ilinipiga mara mbili nikairudisha. Sikuli akamupa kamba bila kuniuliza, akamupanga miguu, akasimama nyuma yake, mikono ndani ya koti. Nikapanda. Kule juu nilisikia telefone inalia. Haikuwa ya muzee. Ilikuwa ya inzinyeri mwenyewe, ndani ya mufuko wake, biro inamuita. Nikaangalia chini. Niliona uso wake umeinuliwa kwangu, mudomo wazi kidogo, na telefone inalia kama mutoto ameachwa, na yeye hasikii.

Siku ile mashini iliandika kwamba na inzinyeri hayuko kazini.

Jumamosi inzinyeri aliingia kwa Shefu Olivier, mukubwa wetu, na kumuomba kamba zibaki, wawili wawili, angalau kwa nguzo za mbao zilizochoka. Shefu alisema atafikiri. Mpaka ninapoandika hapa bado anafikiri. Kambale, mutunza stoo, aliambiwa arudishe kamba zote kwa wakubwa. Ameziweka nyuma ya mulango wa stoo, anasema ufunguo umepotea, na mimi nausikia unalia mufukoni mwake akitembea. Basi sijui Jumatatu nitaenda na nani. Nitapanda, hilo musiulize. Lakini nimekuwa mutu wa kuangalia chini kabla ya kula, kabla ya kuvuka barabara, hata kwangu nyumbani kabla ya kupanda kitandani, na muke wangu ananiuliza nimepoteza nini.

Muandike kwa herufi kubwa: katika miaka yake yote, chini ya kamba ya Sikuli hakuna mutu aliyeanguka. Watoto wangu wanaokula chakula changu ni wake nusu. Sifa zote mulizonipigia barabarani, mugawe, na fungu kubwa mumupe yeye, nami sijawahi kutoa kitu kama hicho katika maisha yangu.

Tunakushukuru, Muzee, wewe na Mama Micheline aliyevumilia mume wa kuangalia angani. Mungu akupe kiti kizuri mbele ya nyumba, chai isiyopoa, na miaka mingi. Mama Perpétue yuko hapa leo, meza ya mbele, na kuku wake. Hakuna mutu juu, Muzee. Teremusha kidevu. Akikusalimia, itika.

Hategekimana, mupandaji, Kikosi cha Nguzo