Dada Milunka na Dirisha la Chumba cha Tatu

Marehemu Milunka Barbulović alizaliwa tarehe 9 Novemba 1953 kijijini Velika Vrbica, karibu na mji wa Kladovo, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Trailo na mama Stamena. Wa pili ndiye anayewasomea haya, mdogo wake Dobrila.

Alimaliza sekondari mjini Negotin mwaka 1972, akaajiriwa posta ya Kladovo. Alipeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli miaka thelathini na minane. Košava, upepo wetu unaong'oa vigae, haukumrudisha nyumbani hata siku moja. Kwetu upepo wa dirishani hulaumiwa kwa kila kitu, kuanzia jino hadi figo. Yeye alitucheka tuliojifunga vitambaa shingoni. Alisema upepo ungekuwa unaua, posta ingefungwa zamani.

Tarehe 3 Mei 1975 aliolewa na Živorad, fundi wa bwawa la umeme, aliyefariki mwaka 2011. Waligombania dirisha la chumbani miaka yote hiyo, na mshindi alikuwa Milunka.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alipasuliwa tarehe 11 Machi, akalazwa chumba cha tatu hospitalini, na daktari akatuambia wameitoa yote. Tulishukuru. Kwa kuwa hakuweza kula, alilishwa kwa mrija uliopita shingoni hadi kwenye mshipa mkubwa. Siku ya nane akaanza kutetemeka. Dobrila alifunga dirisha, akamvika sweta ya sufu iliyofika kidevuni, ikaufunika na mrija.

"Dobrila, si dirisha," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Natetemeka kila wakishaunganisha huu mrija. Hebu mwambie daktari."

"Acha ubishi, dada. Upepo umekupiga. Usisumbue watu na kazi zao."

Dobrila huyo ni mimi. Sikumwambia daktari. Siku tatu nzima. Siku ya nne homa ilipanda sana, wakapima damu, wakakuta vijidudu vilivyoingilia kwenye mrija. Wakautoa na kumpa dawa, lakini vilikuwa vimeshaenea mwilini. Alifariki tarehe 24 Machi, saa nne asubuhi. Saratani haikumuua. Nayasema haya kwa sababu tangu jana mnanipa pole, nami nazipokea, na ndani sisikii kitu. Hata kulia sijalia.

Nesi alikuja kufungua dirisha ili roho itoke, kama ilivyo desturi. Nilimwomba aniachie mimi. Kitasa kilikuwa kigumu, maana nilikuwa nimekikaza mwenyewe.

Ameacha mwana mmoja, Srećko, na mkewe Gordana, waliopo Vienna. Wajukuu wawili, Teodora na Lazar. Na mdogo wake mmoja, ambaye hakumsikiliza.

Apumzike kwa amani, dada yangu. Nyumbani madirisha yote yako wazi.